Kusoma Alama: Upimaji wa Kusoma na Hesabu katika Madarasa ya Juu ya Shule ya Msingi

Mwalimu mpya anaporipoti shuleni hukabidhiwa, pamoja na kitabu cha mahudhurio na maboksi ya chaki, orodha ya alama walizopata wanafunzi wake katika mitihani iliyopita. Makala haya yanahusu orodha hiyo. Walimu wengi wanajua kuiandika, kuijumlisha na kuipeleka kwa Mwalimu Mkuu. Wanaojua kuisoma ni wachache. Tutajihusisha na masomo mawili tu, Kusoma na Hesabu, na madarasa ya V hadi VII, ambayo wazee wetu waliosoma katika Tanganyika ya miaka ya 1950 wangeyaweka katika shule ya kati. Tumeyachagua kwa sababu katika madarasa haya kitabu huacha kuwa somo, kikawa chombo cha masomo mengine yote. Mtoto ambaye hajakimudi chombo hicho huendelea kuketi darasani, huendelea kupandishwa darasa, na alama zake huendelea kuandikwa mbele ya jina lake kana kwamba zinasema jambo moja, hali zinasema mengine.

Jaribio sanifu

Jaribio analolitunga mwalimu siku ya Alhamisi ili alitoe Ijumaa ni kipimo, lakini si kipimo sanifu. Jaribio huitwa sanifu pale ambapo maswali, muda na maelekezo ni yale yale kwa wote, na usahihishaji unafuata mwongozo mmoja, hata mwanafunzi wa Kigoma na mwenzake wa Mtwara waweze kulinganishwa bila kuulizwa nani aliyesahihisha. Ni mfano wa pishi ya sokoni. Kama kila muuzaji angekuja na pishi yake mwenyewe, bei ya mchele isingekuwa na maana.

Hata hivyo, pishi haipimi nguo. Kila jaribio sanifu limetungwa kwa kusudi fulani, na atakayelitumia kwa kusudi jingine atapata jibu lisilo la swali lake. Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi ulitumika kwa miaka mingi kuchagua wachache watakaoingia sekondari. Mtihani wa namna hiyo hauna budi kuwatawanya watahiniwa ili walio juu waonekane. Majaribio ya Uwezo, yaliyotolewa majumbani katika nchi za Tanzania, Kenya na Uganda kwa kufuata mfano wa ASER ya India iliyoanza mwaka 2005, yalikuwa na kusudi la namna nyingine. Mtoto wa Darasa la VI au la VII aliwekewa mbele yake maandishi ya kiwango cha Darasa la II, yaani maneno, aya na hadithi fupi, na hesabu za kiwango hicho hicho. Taarifa ya Uwezo ya mwaka 2010 ilieleza kwamba katika Tanzania mtoto mmoja kati ya kila watano waliomaliza shule ya msingi hakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya Darasa la II. Wapo walioshangaa kwamba nchi inaweza kuwa na watoto wanaofaulu mtihani wa Taifa na wakati huo huo ikawa na watoto wa aina hiyo. Hapana ajabu. Kipimo kimoja kinauliza nani ameruka juu zaidi. Cha pili kinauliza nani amesimama.

Mfano wa Darasa la VI

Kipimo cha tatu ambacho mwanachuo anapaswa kukifahamu ni kile cha SACMEQ, ushirikiano wa wizara za elimu za kusini na mashariki mwa Afrika ulioanzishwa mwaka 1995. SACMEQ ilipima sampuli ya wanafunzi wa Darasa la VI katika Kusoma na Hesabu. Na katika awamu za mwaka 2000 na 2007 walimu wao nao walipewa majaribio, jambo ambalo halikuwafurahisha wote. Alama zilipangwa katika kipimo ambacho 500 ni wastani wa nchi zilizoshiriki mwaka 2000, na mtawanyiko wake ukawekwa hivi kwamba takribani theluthi mbili ya wanafunzi waangukie kati ya 400 na 600.

Tanzania Bara ilipata, mwaka 2000, takribani 546 katika Kusoma na 522 katika Hesabu. Mwaka 2007 ikapata takribani 578 na 553. Kenya ilipata takribani 547 na 563 mwaka 2000, kisha 543 na 557 mwaka 2007. Anayeziangalia tarakimu hizi kwa macho ya mshangiliaji wa mpira atasema kwamba mwaka 2007 tuliwafunga katika Kusoma na wao wakatufunga katika Hesabu. Lakini watoto wa Bara walipimwa kwa Kiswahili, na watoto wa Kenya kwa Kiingereza. Mmoja alisoma kwa lugha anayoisikia sokoni na redioni, mwenzake alisoma kwa lugha ambayo kwa wengi huanzia na kuishia shuleni. Na katika Hesabu pia, yule wa Kenya alilisoma fumbo kwa Kiingereza kabla hajaanza kukokotoa. Tarakimu ni za kweli; ulinganifu ndio unaotaka tahadhari.

Kwa mwalimu wa darasa, jambo lenye manufaa zaidi katika SACMEQ halikuwa wastani huo. Watungaji waliyapanga matokeo pia katika ngazi nane kwa kila somo. Ngazi ya chini kabisa ya Kusoma ni ya mtoto anayeweza kulinganisha neno na picha ya kitu anachokijua. Ya juu kabisa ni ya mtoto anayeweza kutambua mawazo ambayo mwandishi ameyachukulia kuwa ya kweli bila kuyasema, na kuyapima. Ukiambiwa kwamba mwanafunzi ana alama 480, hujui ufanye nini kesho asubuhi. Ukiambiwa kwamba anasoma sentensi lakini hawezi kuunganisha habari iliyo mwanzoni mwa aya na ile iliyo mwishoni, umekwisha kuanza kuandika andalio la somo.

Wastani na hila zake

Tuchukue madarasa mawili ya mfano, kila moja lina wanafunzi kumi. Katika darasa la kwanza alama za Hesabu ni 44, 46, 48, 49, 50, 50, 51, 53, 54 na 55. Katika la pili ni 82, 80, 79, 78, 76, 25, 22, 20, 20 na 18. Wastani wa kila darasa ni 50. Mwalimu wa darasa la kwanza anaweza kufundisha somo moja kwa wote. Anachohitaji ni kuwasogeza pamoja. Mwalimu wa darasa la pili ana madarasa mawili ndani ya chumba kimoja, na hakuna hata mtoto mmoja miongoni mwa watoto wake ambaye 50 ni alama yake. Akifundisha kwa ajili ya wastani, atafundisha viti.

Asilimia ya kufaulu nayo ina hila yake, na hii ni mbaya zaidi. Shule ina watahiniwa 40 wa Darasa la VII, na 22 wamefaulu. Hiyo ni asilimia 55. Sasa tuseme kwamba kabla ya mtihani wanafunzi sita waliokuwa dhaifu wameondoka, mmoja amepelekwa kuchunga, mwingine ameambiwa arudie darasa, na wengine wameacha kuja tu na hapana aliyewafuata. Waliofaulu ni wale wale 22, ila watahiniwa sasa ni 34, na asilimia imepanda kufika karibu 65. Shule itasifiwa. Hakuna mtoto aliyejifunza hata herufi moja zaidi.

Wanachuo wasidhani kwamba tunabuni kisa cha kuwatisha. Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule za msingi nchini zilianza kupangwa hadharani kwa matokeo yao ya mtihani wa Darasa la VII, na kila shule ikajua nafasi yake katika wilaya. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichunguza matokeo ya hatua hiyo, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 2021. Waliona kwamba shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao zilipandisha kiwango cha kufaulu. Lakini waliona pia kwamba katika shule hizo wanafunzi wengi zaidi waliachwa nje ya darasa la mwisho. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alikwisha kutaka hadhi ya mitihani ishushwe machoni pa Serikali na ya wananchi, na ni dhahiri kwamba jambo hilo ni gumu kulitenda kuliko kulikubali. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza orodha ya shule bora pamoja na matokeo. Kwa maoni yetu ilikuwa hatua njema, ingawa orodha za namna hiyo zinajua kuzaliwa upya katika kata na wilaya, ukutani mwa ofisi.

Kwa hiyo, mwanachuo anapoonyeshwa asilimia iliyopanda, swali la kwanza la kuuliza ni hili: waliandikishwa wangapi katika Darasa la V, na wangapi kati yao walikaa chumba cha mtihani miaka miwili baadaye?

Kubahatisha

Mtihani wa kuchagua jibu una wepesi wa kusahihishwa, hata na mashine. Lakini mtoto asiyejua kusoma kabisa anaweza kutia alama katika kila swali. Kama maswali ni 40, na kila moja lina majibu matano ya kuchagua, anayebahatisha atapata kwa kawaida maswali 8, yaani asilimia 20. Si wote watakaopata 8 barabara. Katika kila watoto mia wanaobahatisha tangu mwanzo hadi mwisho, wanne hivi watapata 13 au zaidi, na mwalimu atawaona kuwa wamejitahidi.

Kuna njia ya zamani ya kukadiria kiasi cha maarifa kilichomo ndani ya alama: toa kutoka katika maswali aliyoyapata robo ya yale aliyoyakosa. Aliyepata 16 na kukosa 24 anabakiwa na 10. Hatushauri mwalimu akamkate mtoto alama kwa njia hii, maana haijui nani alibahatisha na nani alikosea baada ya kufikiri. Itumike kwa darasa zima. Darasa ambalo wastani wake ni 9 kati ya 40 halina udhaifu wa hapa na pale. Darasa hilo halijagusa mtihani. Mwaka 2012 ilipotangazwa kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza hawakujua kusoma wala kuandika, watu waliuliza walifaulu vipi. Udanganyifu ulitajwa sana. Hata hivyo, mtihani ambao mtoto hatakiwi kuandika sentensi hata moja hauwezi kugundua kwamba hajui kuiandika.

Fumbo lililo mbele ya hesabu

Sasa tufike penye kiini cha jambo. Katika orodha ya alama, Kusoma na Hesabu huandikwa katika safu mbili, na mwalimu huzoea kuziona kama vyumba viwili visivyo na mlango kati yake. Mtoto aliyepata 62 katika Kusoma na 24 katika Hesabu huambiwa hana kichwa cha hesabu. Huambiwa yeye, huambiwa mama yake, na baada ya miaka miwili hujiambia mwenyewe.

Mwaka 1977 mwalimu na mtafiti wa Australia, Anne Newman, alichapisha uchunguzi wake kuhusu wanafunzi wa Darasa la VI wa alama za chini katika mji wa Melbourne. Badala ya kuhesabu makosa yao, aliwaketisha mmoja mmoja na kuwarudisha katika maswali waliyoyakosa, hatua kwa hatua, ili aone walianguka wapi. Aliona kwamba karibu nusu ya makosa yalitokea kabla mtoto hajaanza kukokotoa: ama hakuweza kulisoma swali, ama alilisoma asilielewe, ama alilielewa asijue ni tendo gani la hesabu linalotakiwa. Tarakimu hizo ni za watoto wa Melbourne waliosoma kwa Kiingereza, na si halali kuzihamishia Dodoma. Njia yake lakini inahamishika kabisa.

Hebu tuichukue njia hiyo na fumbo la kwetu. Mzee Saidi alivuna magunia 36 ya mahindi. Alivuna magunia 9 zaidi ya jirani yake. Jirani alivuna magunia mangapi? Mwanafunzi ameandika 45. Mwalimu mwenye haraka hutia mkasi mwekundu na kuandika pembeni, "Rudia hesabu." Arudie nini? 36 na 9 ni 45. Hakuna kosa katika kujumlisha kwake. Mwalimu asiye na haraka humwita mtoto mezani.

"Nisomee swali hili, mwanangu." Hapa mwalimu anasikiliza kama mtoto anasoma maneno au anasoma silabi, na kama kuna neno analoliruka. "Swali linakutaka utafute nini?" Mtoto anayejibu, "Magunia ya Mzee Saidi," amekwisha kupotea, na hapana haja ya kutazama tarakimu zake. "Utafanyaje ili upate jibu?" Akisema, "Nitajumlisha, Mwalimu, kwa sababu wameandika zaidi," basi ugonjwa umejitaja wenyewe: mtoto amefundishwa kuwinda neno moja na kuacha sentensi. Hatua ya nne ni kumwacha akokotoe huku akieleza kwa sauti anachokifanya. Ya tano ni kumtaka aandike jibu kamili, kwa kuwa wapo wanaopata 27 kwenye daftari la mahesabu wakaandika 72 kwenye karatasi, au wakasahau kwamba ni magunia.

Tuongeze jambo ambalo Newman hakulazimika kuliona. Katika Kiswahili tendo la hesabu aghalabu limefichwa tumboni mwa kitenzi. Neema alikuwa na shilingi 800. Alimkopesha Rehema shilingi 300. Anabaki na 500. Sasa badili: Neema alikuwa na shilingi 800. Alikopeshwa na Rehema shilingi 300. Ana 1,100. Tofauti yote ya kutoa na kujumlisha imebebwa na silabi mbili, ile ya mtendwa iliyo karibu na mwanzo wa kitenzi na ile ya kauli iliyo mwishoni. Msomaji anayejikokota, a-li-ko-pe-shwa, akifika mwisho wa neno amechoka na amekwisha kusahau mwanzo wake. Anachobaki nacho ni mkopo na tarakimu mbili, kisha hubahatisha. Ndivyo ilivyo pia kwa alimpa na alipewa, alimuuzia na aliuziwa. Na kwa mtoto ambaye nyumbani anasema Kisukuma, Kigogo au Kimaasai, alama ya Hesabu inaweza kuwa alama ya Kiswahili iliyovaa nguo za tarakimu. Mwalimu wa Hesabu anayesema kwamba vitenzi ni kazi ya mwalimu wa Kiswahili anaikataa nusu ya kazi yake mwenyewe.

Jibu sahihi nalo lichunguzwe

Basi liliondoka saa 11 alfajiri likafika saa 5 asubuhi. Lilisafiri saa ngapi? Mtoto anaandika 11 kutoa 5, saa 6, na anapata vyema, kwa sababu jibu sahihi ni saa 6. Mpe fumbo jingine: basi liliondoka saa 10 alfajiri likafika saa 3 asubuhi. Kwa njia ile ile ataandika saa 7, na jibu ni 5. Mtunga mtihani aliyechagua saa 11 na saa 5 amempa alama mtoto asiyejua, wala hatajua kamwe kwamba amempa. Kabla ya kutoa swali lolote, mwalimu alijibu kwanza kwa njia za makosa anazozijua, aone kama mojawapo haifiki kwenye jibu sahihi.

Yapo pia makosa ya hesabu yenyewe, na haya yana utaratibu kuliko inavyodhaniwa. Mtoto anayeandika 304 kutoa 128 ni 224 hakubahatisha. Katika kila safu ametoa tarakimu ndogo kutoka katika kubwa, bila kujali ipi iko juu. Kanuni yake humpa jibu sahihi katika 58 kutoa 23, na ndiyo maana anaiamini. Atapata nusu ya maswali ya kutoa, yale yasiyo na kukopa, na orodha itasema asilimia 50. Mwenzake aliyekosa nusu kwa uzembe naye ana asilimia 50. Wa kwanza anahitaji njiti na mafungu ya kumi, arudishwe kwenye thamani ya nafasi; wa pili anahitaji kukaa mbali na dirisha. Katika desimali, mtoto anayesema 0.35 ni kubwa kuliko 0.5 mara nyingi amefundishwa kuisoma "thelathini na tano". Ametii sauti aliyoisikia.

Kazi yenyewe darasani

Mwanachuo atauliza, na ana haki ya kuuliza: nitamhoji vipi mtoto mmoja mmoja nikiwa na wanafunzi 90? Hutawahoji wote. Anza na karatasi ya manila. Kushoto andika majina, juu andika namba za maswali, na katika kila kisanduku tia alama ya vyema au ya kosa. Kazi hii humaliza jioni mbili. Ukiisha, itazame kutoka mbali. Safu ya swali iliyojaa makosa kutoka juu hadi chini inamhusu mwalimu: ama mada haikufundishwa, ama swali lilitungwa vibaya. Mstari wa jina uliojaa makosa unamhusu mtoto huyo. Makosa yaliyokusanyika katika mafumbo peke yake, hali hesabu za tarakimu tupu zimepatwa, yanakuambia nani wa kuitwa mezani kwanza. Watano kwa siku wanatosha.

Njia nyingine ya haraka, inayofaa darasa kubwa, ni hii. Siku ya Jumatatu toa mafumbo kumi yaliyoandikwa, wayasome kimya na kuyajibu. Alhamisi toa mafumbo kumi yale yale ukiwa umebadili tarakimu na majina. Safari hii wanafunzi wawe na karatasi mbele yao, nawe uwasomee kila fumbo mara mbili, polepole. Aliyepata 3 Jumatatu na 8 Alhamisi anajua hesabu. Kinachomwangusha ni kusoma, na kumrundikia mazoezi ya kutoa ni kumwonea. Aliyepata 3 na 3 anahitaji hesabu, au Kiswahili cha kusikiliza, na maswali matano ya mezani yatakuambia ipi. Aliyepata 8 na 3 ni nadra. Tumezoea kumkuta kwa mtoto asiyesikia vizuri, na mwalimu mwangalifu atamsogeza mbele kabla ya kutafuta sababu nyingine.

Kwa wale wa 3 na 8, pima kusoma kwao. Chagua habari fupi katika kitabu cha Darasa la III, mtoto akusomee barazani, mbali na wenzake, kisha umuulize maswali mawili juu ya aliyoyasoma. Kama kitabu hicho kinamshinda, shuka Darasa la II. Mbali na wenzake, tumesema. Mvulana wa Darasa la VI anayekwama mbele ya darasa atachagua kuwa mtundu kuliko kuwa mjinga, nawe utampoteza.

Baada ya kuwajua, wapange. Shirika la Pratham la India, lililozaliwa Mumbai mwaka 1995, limeonyesha kwamba kwa kipindi kimoja cha siku watoto wa madarasa mbalimbali wanaweza kupangwa kwa ngazi wanayoiweza na si kwa darasa waliloandikishwa, kisha wakarudi kwenye madarasa yao. Penye walimu watatu wanaoelewana, jambo hili linawezekana bila kibali cha mtu ila cha Mwalimu Mkuu. Vikundi visipewe majina ya ndege. Watoto hujua mara moja nani ni Tai na nani ni Kuku. Na mtoto apimwe tena kila baada ya wiki nne au tano, ahamishwe. Kikundi kisichohamisha mtu kimekuwa gereza.

Lipo pia suala la mzazi. Siku ya kikao mama atakuja, atataja jina la mtoto, atangoja. Usimsomee alama peke yake. Mwambie, "Mama Neema, mtoto anajua kujumlisha na kutoa vizuri. Anaposoma fumbo refu anapotea. Jioni akusomee chochote, hata kama ni karatasi ya sabuni, kisha akueleze kilichoandikwa." Mama asiyejua kusoma naye anaweza kufanya hivyo, maana atakayeeleza ni mtoto.

Zoezi

Kabla ya kwenda katika mazoezi ya kufundisha, kila mwanachuo ayachunguze majibu haya ya wanafunzi, aandike kwa kila moja mtoto alifikiri nini, na swali la kwanza atakalomuuliza akimwita mezani. La kwanza: nusu kuongeza theluthi moja ni mbili juu ya tano. La pili: 602 kutoa 347 ni 345. La tatu: Asha aliuziwa na Juma mayai 12, naye alikuwa na 20, mwanafunzi ameandika 8. La nne: ubao wa mita 3 ulikatwa vipande vya nusu mita, vipande vingapi; mwanafunzi ameandika moja na nusu. La tano: basi liliondoka saa 9 alasiri likafika saa 3 usiku, mwanafunzi ameandika saa 6, na mwalimu ametia vyema.